Mgomba wa Mwalimu Michiko

Akinyi dada,

Hujambo na kichanga wako? Usishangae twiga, hapa Busia kadi zilizobaki dukani ni za twiga tu. Jana tulifungua ukumbi wa voliboli wa kumkumbuka marehemu Mwalimu Michiko, na nusura nife kwa aibu. Mama yake mzazi, aliyetoka Japani, alikuwa karibu kukata utepe, akina mama wa mtaa wa Burumba wakaingia wamebeba mgomba uliovishwa shuka jeupe. Walitaka kuuzika pale mlangoni badala yake, kama desturi yetu, kwa kuwa mwili wenyewe ulizikwa kwao Japani.

"Wewe alikufundisha kucheza," wakaniambia, "mweleze."

Nilieleza kupitia mkalimani. Yule mama akafungua mkoba, akatoa zile pedi za magoti za Michiko, tulizokuwa tukimshonea viraka, akazifunga kwenye mgomba taratibu, kama anavalisha mtoto.

Akina mama wakaangua kilio. Nami nikalia kilio nilichokibana tangu ndege iuchukue mwili wake. Leo nimeamka mwepesi, nimekula samaki mzima peke yangu.

Ukipata nguvu, njoo na mtoto umlilie Mwalimu. Sasa tuna mahali.

Rose wako