Mrithi wa Kwanza wa Anko Lyle

Shoga, natoka kwa wakili sasa hivi, siamini!

Anko Lyle hata hajazikwa, binamu yangu Duane katuburuta tukaufunge mfuko wa amana wa Anko na kugawana kilichomo, zile fidia za ajali zilizomtunza kwenye kiti cha magurudumu. Kaja na picha ya boti atakayonunua kwa urithi. BOTI, shoga!

Wakili kasema, "Mrithi wa kwanza ni jimbo la Wisconsin. Ndilo lililomlipia matibabu, kwa hiyo linarudishiwa gharama zote. Kikibaki, mnagawana."

Duane kang'aka, "Jimbo? Jimbo lilimpeleka kuvua samaki lini?"

Nikamwambia, "Na wewe ulimpeleka lini?"

Duane akamgeukia wakili:

"Kwani kitabaki nini?"

"Hakuna kitu."

HAKUNA KITU! Boti ikarudi mfukoni polepole.

Kumbe balaa lingine: mfuko hauruhusiwi kulipia mazishi kabla jimbo halijalipwa. Nikashika kichwa. Wakili akacheka. "Lyle alilijua hilo. Alilipia akiwa hai: jeneza, soseji za waombolezaji, na bendi ya polka ya kuwachezesha."

BENDI, shoga!

Mazishi ni Jumamosi, vaa viatu vya kuchezea. Anko alijua hatutarithi kitu, ndiyo maana akatulipia ngoma.