Kuni za Msiba wa Kocha Manumbu

Bupe upo? Usipige, nitalia. Soma tu.

Nimefanya jambo baya msibani kwa Kocha Manumbu. Baya Bupe, baya.

Watu walikuwa wengi, kuni zikaisha na maharage bado mabichi. Mimi ndiye niliyesimamia chakula. Nikaona hori la ng'ombe nyuma ya zizi, limelazwa kifudifudi, kuukuu, mavi ya kuku juu. Nikawaambia vijana, "Pasueni hilo."

Mimi. Kwa mdomo wangu. "Pasueni hilo."

Bupe, halikuwa hori. Ulikuwa mtumbwi wetu.

Ule ule aliouchonga Kocha mwaka 95 alipopunguzwa kazi. Bingwa mzima wa mbio za mitumbwi kule Ziwa Victoria, akakataa kurudi kwao Ukerewe ili atufundishe kupiga kasia pale bwawa la Mtera. Sisi watoto wa wafuga mbuzi, maji mengi tuliyajulia kwenye ndoo!

Nimegundua nilipoenda kuchochea moto. Kipande kimoja kina majina. Unakumbuka alivyokuchomea jina lako kwa msumari wa moto siku uliyovuka peke yako? Nimekichomoa kwa mkono, nimeungua. Limebaki lako tu. Langu limeivisha maharage.

Nikaenda kupiga magoti kwa mjane wake, Mama Aneth. Nikamwambia yote. Nilitaka anitukane, Bupe, angalau anitukane.

Akauliza, "Watu wameshiba?"