Toroli la Mlangoni

Jumatatu, 9 Februari 1998
Mashuka ya vyumba kumi na viwili leo. Wiki ya pili kazini, mgongo umeanza kuzoea. Tena nimelikuta toroli la nguo mlangoni mwa stoo, nusu ndani, nusu nje. Kila siku hivyo hivyo. Wanawake hawa hawana mpango. Nimelisukuma ndani, nikaliegemeza ukutani. Shuleni nilikuwa kiranja wa bweni, siwezi kuona kitu kimekaa ovyo.

Mjomba Kassim, msimamizi wetu, alinisifu. Si mjomba wa damu. Ni jirani yetu Msambweni, na ndiye aliyenitafutia kazi hii ya hoteli. Asubuhi nilimwamkia kama nyumbani. Shikamoo, mkono. Alichelewa kuuachia. Naona haya hata kuliandika hilo.

Alhamisi, 12 Februari
Mjomba Kassim aliniita stoo nipange taulo. Toroli nililivuta ndani mwenyewe. Mlango ukajifunga. Akasimama mbele ya mlango. Akanishika kiuno. Eti wasichana wenye shukrani hawafukuzwi kazi.

Nilisema, "Mjomba, niache."

Akacheka. "Huku mimi mjomba wako tangu lini?"

Mama Wambui, mwenzetu wa dobi, akagonga, anataka sabuni. Nikapata kutoka. Nimeoga mara mbili.

Ijumaa, 13 Februari
Sikula. Nimemwambia Mama ni kichwa. Naogopa. Tangu fujo za mwaka jana wageni wamepungua, hoteli zinafukuza watu. Nikisema, kazi imekwenda. Na Mama anaringa kwa majirani kuwa mwanawe kaajiriwa Diani.

Jumatatu, 16 Februari
Mama Wambui amenivuta kando, kwenye kamba za kuanikia. Ni mtu wa bara, mkongwe kuliko sote pale dobi.

"Mwanasha, ni wewe unatoa hiyo toroli mlangoni?"

Nikaitikia.

"Hatuiweki hapo kwa uvivu, mami. Ikikaa hapo mlango haufungi."

Kumbe wote wanajua. Wamejua miaka, wakaweka toroli, wakanyamaza. Nilimuuliza mbona hawakuniambia.

Aliangalia chini. "Tulisikia ukimwita mjomba."

Jumanne, 17 Februari
Nimemwambia Mama. Yote, hata habari ya toroli. Alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono ukasimama. Akauliza nani mwingine anajua. Kisha akasema, "Kassim ndiye aliyeingia kaburini kumpokea babako." Basi. Akaendelea kukuna mpaka akafika kwenye kifuu, nazi ikaingia weusi. Hakuniangalia.

Nilitaka akasirike. Hata kama ni mimi wa kukasirikiwa.

Alhamisi, 19 Februari
Nimekwenda kwa meneja. Mama Wambui alinisindikiza, akasimama nami, akasema aliyoyaona. Sauti yangu ilikuwa ndogo, meneja akaniambia nirudie. Nikarudia. Kurudia ni kubaya kuliko kusema. Aliandika mistari miwili, akasema wataangalia.

Saa tisa nikaambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Mimi. Mjomba Kassim nilimwacha stoo, funguo mkononi.

Sitamwita mjomba tena. Hata humu.

Nilipokuwa nikitoka nilipita mlangoni pale stoo. Toroli lilikuwa mahali pake.

Jumapili, 22 Februari
Hakuna aliyeniita. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne bado.

Baada ya adhuhuri Kassim alikuja kwetu, kanzu imepigwa pasi, mkononi papai. Nilimsikia akipiga hodi. Nikangoja Mama aseme kama siku zote, njoo umwamkie mjomba wako.

Hakusema. Alichukua kigoda chake na ungo wa mchicha, akakiweka kizingitini, akakaa. Mlango wote ukajaa yeye.

Kassim alisalimu, Mama akajibu salamu. Karibu haikutoka. Alisimama juani muda mrefu. Akauliza, "Mwanasha hajambo?" Mama alivunja bua la mchicha, akachukua jingine. Kassim akaliweka papai chini, akaenda zake.

Mama hakugeuka. Alisogea kidogo tu, nikakaa kando yake.