Barua Niliyochelewa Kuijibu

Louisville, Kentucky

Mama mpenzi,

Jambo sana. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua za huko Uvira, zimeiacha nyumba salama? Mimi na mjukuu wako Neema tuko wazima. Lakini habari si nzuri, na sitaki uzisikie kwa watu.

Ile kazi yangu ya kufunga maboksi kule Jeffersontown imekwisha. Nilipokuwa Buffalo nikimuuguza kaka Josué, bosi alinipigia simu: "Usirudi." Nikalalamika kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia wafanyakazi. Donc, jibu likafika hapa kwa posta, nami bado niko hospitalini. Neema akanisomea kwa simu: "Mama, wamekataa. Una siku kumi na tano za kukata rufaa." Nikamwambia, "Weka mezani." Siku hiyo Josué alikuwa hawezi tena kumeza maji.

Tulipomaliza mazishi yake, uliyoyafuata kwa simu, nikarudi nikiwa nimechelewa siku nne. Binamu Aline wa Columbus, anayefanya ukalimani mahakamani, akaniambia naweza kuomba rufaa ipokelewe hivyohivyo, mradi nieleze kilichonichelewesha. Nikaomba.

Jaji alinisikiliza kwa simu, mkalimani akiwa katikati. "Kabla siku hazijaisha, ulijua barua imefika?"

Neema, aliyekaa mbele yangu, akatikisa kichwa: sema hapana.

Nikasema ndiyo, nilijua.

"Simu ulikuwa nayo?"

Nilikuwa nayo.

"Kwa nini hukupiga, hata mara moja?"

Bon, Mama, nikajibu tu kwamba nilikuwa nimemshika kaka yangu mkono.

Wamekataa. Wameandika kwamba wananipa pole, lakini sababu haitoshi.

Neema alininunia siku tatu. "Neno moja tu, Mama! Ungesema hapana, wangekusikiliza."

"Nilikuwa nimeapa. Singeweza kudanganya."

"Na mjomba? Alijua wamekufukuza?"

Hakujua. Kila asubuhi aliniuliza kazini wanasemaje, nami nikamjibu wamenipa ruhusa. Amekufa akimwombea baraka bosi wangu.

Wiki ijayo tunahamia Columbus. Aline amenipatia kazi ya kuosha na kulisha wazee. Neema anaacha shule na rafiki zake wote, hata masanduku hataki kuyagusa.

Nisalimie shangazi Riziki anayekupikia, na pasta aliyetubatiza mimi na Josué. Wakikuuliza kama aliondoka kwa amani, waambie ndiyo. Hilo ni kweli.

Mtoto wako anayekukumbuka,
Furaha