Mkono Niliomnyima Mkamwana Wangu

Kitale,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa ndugu yangu Kiambi,
Mitunguu.

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulinda sisi wawili tuliobaki kati ya watoto wa mama yetu. Kabla hujaendelea kusoma, nakuagiza kama mkubwa wako: keti kwenye kile kiti chenye egemeo, si kwenye kigoda. Weka miguu yote miwili chini, wala usiipishanishe. Kikombe cha chai kiweke kando, na ugoro ubaki mfukoni. Usisome kwa sauti, na mtu yeyote asikusemeshe mpaka umalize. Sababu utaijua mwishoni.

Je, hamjambo hapo nyumbani? Migomba ya upande wa mtoni ilisimama baada ya upepo ule? Goti la mkeo, Mama Murithi, limepoa, au bado anapanda ngazi za kanisa kwa kushikwa mkono? Huku mahindi yamefika kiunoni, na baridi ya asubuhi ni kali kuliko ya kwetu. Chakula kipo, majirani ni wema, na kanisa liko karibu. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Ningekupigia simu, lakini kila nikitaja neno presha, mtandao wako hupotea ghafla, ingawa mnara umesimama nyuma ya zizi lako. Barua haikatiki. Isitoshe, jambo nililo nalo ni la aibu, na mdomo wangu haulitamki vizuri. Nasema hivyo kwa maana mbili, kama utakavyoona.

Nilikuambia kwamba nililazwa hospitalini kwa malaria. Haikuwa malaria, Kiambi. Nilipatwa na kiharusi. Mguu wa kushoto naukokota, upande mmoja wa mdomo umelegea, na mzee wa kanisa hanipi tena zamu ya kusoma neno la Mungu. Lakini ugonjwa si aibu. Aibu ni jinsi nilivyoupata, na yaliyotokea siku ile.

Unajua kwamba mwanangu Mwenda alinileta hapa baada ya kumzika mke wangu Naomi. Yeye husimamia ujenzi wa barabara huko Turkana, naye huja mwisho wa mwezi. Mjukuu wetu Kendi yuko shule ya bweni. Kwa hiyo siku nyingi nyumba hii huwa na watu wawili tu: mimi na mke wa Mwenda, Wawira, yule binti wa Ishiara ambaye wewe mwenyewe ulikwenda nami kwao kumposa.

Mwaka jana daktari alinipima kwa siku tofauti, na kila mara akaikuta presha yangu juu. Alinipa vidonge vya kumeza kila siku, akamwambia Mwenda anunue mashine ya kupimia nyumbani. Mwenda aliinunua. Ina kitambaa kinachofungwa juu ya kiwiko, kinajaa hewa, kinabana, kisha namba zinatokea. Mwenda akamfundisha mkewe, akarudi kazini.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Wewe unajua tulivyolelewa. Baba mkwe na mkamwana hawagusani. Baba yetu hakupokea hata kibuyu cha maji kutoka mkononi mwa Naomi. Naomi alikiweka chini, akarudi nyuma, ndipo mzee akainama kukichukua. Hiyo ndiyo nthoni, nasi tuliirithi kama tulivyorithi shamba. Sasa mke wa mwanangu anakuja asubuhi, anataka nimfunulie mkono aufunge kitambaa! Nikamwambia, "Mwenda akija."

Wawira alicheka. "Baba, Mwenda atakuja mwisho wa mwezi. Damu yako nayo itangoja?"

"Itangoja."

"Nakuomba mkono tu. Sikuombi ng'ombe."

"Ng'ombe ningekupa," nikamjibu, naye akacheka zaidi, akaiacha mashine mezani ili nijipime mwenyewe. Nilijaribu mara moja juu ya mkono wa sweta, ikaandika herufi nisizozielewa, nikaifungia kabatini. Tangu siku hiyo, akiuliza kutoka jikoni, "Baba, leo imesoma ngapi?", nilimtajia namba nzuri nilizobuni. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nilimdanganya mtoto wa watu kila asubuhi, tena kwa sauti ya mwalimu.

Vidonge navyo vilipokwisha sikuomba vingine. Sikuwa naumwa kichwa, sikuwa na kizunguzungu, nilitembea mpaka sokoni na kurudi. Nikaona nimepona. Wawira alipouliza kuhusu dawa, nilimwambia ziko. Na kwa kuwa namba zilikuwa nzuri, angeniuliza nini zaidi?

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa bafuni nikioga. Mguu wa kushoto ulinitoka kama si wangu. Nilianguka chini na sabuni yote mwilini. Sikusikia maumivu. Nilijaribu kunyoosha mkono niivute taulo msumarini, mkono ukakataa.

"Baba!" Wawira akaita nje ya mlango. "Ni nini hicho kimeanguka?"

Nilitaka kusema, "Usiingie." Kilichotoka kilikuwa sauti ya ndama. Akasukuma mlango. Nami, Kiambi, niliukanyaga mlango huo kwa mguu uliobaki mzima, nikauzuia usifunguke. Sikufikiri juu ya kufa. Nilifikiri juu ya taulo. Kila aliposukuma, nilikaza. Alinisihi, akasihi tena. Alikimbia kumwita jirani mwanamume, akamkosa, akarudi. Muda huo wote nilikuwa nimeukaza mguu, nikijiona ninalinda heshima.

Mwishowe alipitisha leso yake chini ya mlango. Akasema kwa utaratibu, kama mtu anayesali, "Baba, jifunike na hiyo. Nisamehe. Naingia." Akausukuma mlango kwa mgongo, akaingia kinyumenyume, uso wake ukitazama nje. Mguu wangu ulikuwa umechoka. Alinifunika bila kunitazama, akanikokota mpaka ukumbini, akanivika koti la mumewe, akapata gari. Mkono nilioukataza usiguswe kwa kitambaa cha mashine uliguswa wote, na mwili wote pamoja nao.

Hospitalini daktari aliuliza kwa nini tulichelewa. Alisema ugonjwa huo, ukiwahiwa mapema, huacha madhara machache. Nilikuwa nasikia kila neno. Wawira alinitazama, kisha akamjibu, "Mlango ulikuwa umekwama, daktari."

Mpaka leo Mwenda anajua kwamba mlango ulikwama. Alikuja na fundi akaupiga randa. Nilikaa kwenye kiti nikimtazama fundi akiurekebisha mlango usio na kasoro, nami sikusema neno. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa na mimi, na jioni hii, Mwenda akifika, atakuwa wa pili.

Nilipopata nafuu, daktari aliketi nami. Nilimwambia kwamba sikuwa naumwa. Akasema, "Mzee, presha haibishi hodi." Akanieleza kwamba namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika; kwamba mtu akipimwa mara kwa mara na kukutwa mia moja arobaini kwa tisini au zaidi, hiyo imepanda; na kwamba vidonge vinaishikilia chini, haviing'oi. Ukiviacha inapanda tena, nawe hujui.

Wewe ungemwelewa kuliko mimi, kwa sababu wewe ni mtu wa mabomba. Miaka yote hii katika kamati ya maji umekuwa ukiamka kwenda kusoma geji ya presha ya bomba kabla ya kufungulia watu maji ya kunyunyizia migomba. Mwaka ule geji ilipoharibika, bomba lilipiga kelele? Halikupiga. Maji yalikuwa mazuri, vinyunyizio vilizunguka vizuri kuliko siku zote, na watu wakakusifu. Kisha kiungo kikapasuka chini ya shamba la mjane, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama. Damu ni hivyo hivyo. Kwa mwingine hupasuka kichwani, kwa mwingine huchosha moyo, kwa mwingine huharibu figo au macho.

Nikamkumbuka baba yetu. Tulisema alianguka kwa sababu ya maneno ya jirani aliyegombea naye mpaka. Tulimnunia mtu yule mpaka akafa. Lakini baba alianguka upande ule ule wa kushoto, na mdomo wake ulilegea kama huu wangu. Daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nilimtaja baba. Kisha nikakutaja wewe.

Ndiyo, najua. Mama Murithi aliniambia, na usimkasirikie. Najua kwamba ulipimwa sokoni wakati wauguzi walipopiga hema, ukaambiwa imepanda, nawe ukasema mashine yao imeharibiwa na jua. Najua pia kuhusu Karimi. Mkamwana wako huyo ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, anazunguka nyumba zote na mashine kapuni, na kila akifika kwako wewe unakumbuka kazi ndani ya migomba. Mama Murithi anasema juzi ulichuchumaa nyuma ya shina, ukidhani huonekani, na kofia yako nyekundu kichwani. Karimi alikuona. Akamwambia mama mkwe wake, "Mwambie baba ndizi hazijaiva," akaenda zake.

Sikucheka niliposikia hayo. Nililia, kwa maana niliujua mlango ule unaoukanyaga.

Nisikilize basi. Nthoni haikuwekwa ili ituue. Iliwekwa ili mkamwana asidhulumiwe katika nyumba aliyoolewa. Mimi niliigeuza nikamdhulumu nayo: nilimdanganya, nikamtwika mwili wangu, nikamfanya aseme uongo mbele ya daktari ili kunisitiri. Nikamwambia Wawira kwamba kwetu, heshima hiyo ikivunjwa, hutolewa mbuzi, na kwamba mwenye kutoa ni mimi, maana aliyeivunja ni mimi, si yeye. Alifikiri kidogo.

"Nitampokea, Baba. Lakini asiwekwe chumvi."

Sasa kila asubuhi naketi, nakunja mkono wa shati mpaka begani, nauweka mezani. Yeye hufunga kitambaa, nasi hatusemi neno mpaka namba zitokee. Ya kwanza alipoisoma kwa sauti, nilitazama sakafu. Naitazama bado. Lakini mkono nautoa.

Vidonge navimeza kila siku, niumwe nisiumwe. Chumvi nimeipunguza. Hata magadi niliyokuwa nikitaka yatiwe kwenye githeri ili maharagwe yaive upesi, nimeyaacha, kwa sababu daktari anasema yana kile kile kinachodhuru kwenye chumvi. Mama Murithi aliondoe lile kopo jikoni, na maharagwe yalowekwe tangu jana yake. Mafuta ya kukaangia yawe kidogo. Ugoro uuache, Kiambi; ni tumbaku, hata kama hauna moshi. Tembea kwenda kwenye maji kwa miguu, pikipiki ya Murithi iache. Na mboga za kwetu ule nyingi, unazo mlangoni.

Nisalimie Mama Murithi, shemeji yangu mvumilivu, umwambie namshukuru kwa kunitobolea siri. Nisalimie Murithi, mwanao na mwanangu, naye apimwe, kwani damu ya baba yetu imo ndani yake. Nisalimie shangazi yetu wa Nkubu, umfiche habari za bafuni ukiweza. Wawira anakusalimu, anasema bado anakumbuka jinsi ulivyomtetea kwao Ishiara walipotaka kuongeza mbuzi.

Nimebakiza neno moja. Barua hii sikuituma kwako. Niliituma kwa Karimi, nikamwomba akuletee mkononi, tena nusu saa au zaidi baada ya chai ya asubuhi, siku ambayo kofia yako iko msumarini. Nilimwagiza aketi karibu nawe, asiseme neno, wala asiondoke mpaka umalize kusoma. Sasa yuko hapo. Kapu liko miguuni pake.

Umeketi kwenye kiti chenye egemeo. Miguu yako iko chini. Hujanywa chai wala kuvuta ugoro kwa muda wote huu, na hujazungumza na mtu. Hivyo ndivyo daktari anavyotaka mtu akae kabla ya kupimwa.

Ikunje barua, ndugu yangu. Kisha kunja mkono wa shati.

Mimi kaka yako, ninayekuomba kwa aibu yangu yote,

Ezekieli Rukaria