Sikukata Simu Mimi

Mpendwa Kitindamimba,

Pokea salamu za kaka yako kwa karatasi, kama enzi zile. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na wapwa zangu hawajambo. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayonung'unika nikipanda ngazi.

Najua umenuna. Tangu simu ile ikatike hujanitafuta. Ujumbe mfupi ungekufikia, lakini jambo hili si la ujumbe mfupi. Nivumilie nikueleze kimwalimu, maana nimestaafu kazi, si tabia.

Jengo letu lina intaneti moja, ya wapangaji wote. Ingetutosha. Ila nesi wa chini filamu yake ilikwama siku moja, akaanza kuziacha zikipakuliwa mchana kutwa, hata akiwa kazini, asije akakuta nafasi imeliwa. Fundi cherehani, jirani yangu, kuona vile akaunganisha simu tatu. Kinyozi naye akanunua kifaa cha kukuza mawimbi, mawimbi yetu yakazidi kufifia. Ni kama ukumbi wenye wageni wengi: mmoja akipaza sauti asikike, wa pili hupaza zaidi, mwishowe hakuna anayesikia kitu. Wala si wajinga. Atakayepunguza peke yake ataumia peke yake.

Niliwaita ngazini nikapendekeza zamu. Wote wakakubali. Kinyozi akasema Mwalimu sasa atatupigia na kengele, tukacheka. Zamu yangu ilipofika nilichana nywele, nikaketi mbele ya simu nikupigie kwa video. Patupu. Nilipogonga milango, kila mmoja aliapa kwamba amezima, ila kwa kuwa hamwamini mwenzake, amewasha kidogo tu. Fundi akanishauri nami niwashe kutwa kucha. Nikakataa. Labda ni ukaidi wa uzee.

Tangu nimzike mama watoto, ni wewe tu unayeniita kwa jina la utotoni. Sauti nyingine zote hupita ukutani: sinema ya nesi, vicheko vya watu nisiowajua.

Siku ile uliniuliza, kaka, chumba hicho unamlindia nani, si uhamie kwangu? Kisha kimya. Ukadhani nimekata kwa hasira, kama nilivyozoea kufoka ukiligusa suala hilo. Sikukata, mdogo wangu. Niliendelea kuzungumza, hadi nilipotazama kioo nikakikuta cheusi.

Nilikuwa nimeshakujibu ndiyo. Niliisema mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ilinitoka na kwikwi.

Njoo unichukue.

Wabusu wapwa zangu, waambie mjomba anafunga vitabu.

Ni mimi, kaka yako mkubwa.