Mayi ya Moto na Nyumba ya Kapata

Siku ya kwanza ya juma, 5 mwezi wa tano 1975

Majani ya sombe imepondwa, bukari iko tayari. Mutoto wangu Kalala alirudia toka mugodi wa Mashamba na vumbi mpaka mu masikio. Akakula. Mwisho wa mwezi wa sita anamaliza kazi. Nyumba hii ya Kapata ni ya kampani: kazi ikiisha, tunatoka. Ila mutoto wake mumoja akiingia kazi, jamaa inabakia. Batoto bengine bangali badogo. Ni Mbombo, binti yake wa kwanza, mujukulu wangu, anamaliza masomo ya umeme. Ataingia. Neno limekwisha.

Siku ya ine, 8

Neno halikukwisha. Injenia mumoja wa Lubumbashi alifika ku masomo yao. Eti mbali kule ku Lualaba mayi inatoka mu udongo ikichemka yenyewe. Eti moto wa chini unaweza kuzungusha mashini na kutoa umeme, na kazi hiyo itakomaa. Anatafuta batu batatu: mwaka mumoja kule ku mayi, kisha Italia kujifunza. Mbombo anataka.

Nilimuambia umeme wa bwawa ya Nzilo unawaka hapa juu ya kichwa yangu, mwingine wa nini? Na mayi ya moto, hata mi niko nayo ku jiko. Alicheka. Sikupenda.

Siku ya kwanza, 12

Nilivaa kikwembe ya kanisa, nikaenda mi mwenyewe ku biro ya kampani. Karani akaniita citoyenne, mwananchi, akaandika jina la Mbombo: daktilo, wa kuandika na mashini. Sikumuuliza Mbombo. Nkambo haombi mujukulu ruhusa.

Siku ya ine, 15

Mbombo amejua. Hakupiga kelele. Hakukula. Kalala anasema ningeuliza kwanza. Mutu niliyemubeba mu mugongo ananifundisha adabu. Jirani yetu Mama Kapinga anauliza toka lupango yake kama mujukulu wangu anaenda kuuza mayi ya kuoga. Nimechoka nabo bote.

Siku ya posho, ya sita, 31

Nilipanda lori ya injenia pamoja na Mbombo. Nilitaka kuona huo upumbavu na macho yangu. Siku mbili ya njia. Mugongo wangu umekufa.

Majani, mawe, moshi. Harufu ya mayai mabaya. Mashini ya zamani iko pale, kutu tupu, ndege wamejenga ndani. Nilicheka na roho mubaya. Kisha nikamukamata injenia. Ku kampani najua: unaanza chini, unakuwa karani, unakuwa mukubwa wa biro. Huku mutoto anapanda mpaka wapi?

«Mama, sitakudanganya,» akasema. «Huku ngazi haiko bado. Hawa ba kwanza njo bataijenga. Na inaweza kukufa, kama mashini ile.»

Nilikasirika sana. Mwongo ningalimufukuza. Huyu nitamufanya nini?

Halafu Mbombo alishuka ku mayi na chombo chake ya kupima moto, akaandika, akaita banaume babili balete kamba. Ba ndevu. Balileta. Hakuna aliyenuna. Akabatuma tena, bakaenda tena.

Mu jamaa yetu sijaona kitu kama hicho. Ningalibakia ku nyumba.

Siku ya pili, 10 mwezi wa sita

Karatasi ya kampani imefika. Jina limekubaliwa, aanze kazi siku ya kwanza inayokuja. Mbombo alisoma, akaikunja.

«Nkambo, nitaingia. Sitaki mulale inje.»

Akaenda kuosha masahani. Mi nilikuwa na maneno tayari ya kugombana. Nilitaka akatale. Nilitaka anitukane hata kidogo. Mutoto mubaya! Ananitii sasa, wakati sitaki.

Siku ya tano, 13

Kikwembe ileile, biro ileile. Nikamuambia karani atoshe jina la Mbombo ku karatasi. Akauliza mara tatu kama nimefahamu habari ya nyumba. Anasema polepole, kama na mutu kiziwi.

«Mi nilifika Kapata mbele baba yako hajakuzaa. Tosha jina.»

Akapiga mustari. Kalala nilimuambia njiani, akitoka kazi. Alikaa chini pa jiwe. Kisha akaniuliza lupango ya kujenga inapatikana upande gani. Nilijua ni mutoto wangu.

Siku ya kwanza, 30

Mbombo alienda jana, siku ya yenga, na lori. Sikulia. Nilimuambia tu, akifika kule, asikubali mutu kumufanya mupishi wao.

Tumetoka Kapata leo asubuhi. Mama Kapinga alibeba masufuria yangu mawili ku kichwa mpaka huku ku lupango yetu mupya. Umeme haiko upande huu. Chumba ya kwanza imefika ku madirisha. Kalala anakanyaga udongo wa kichuguu, mi namwaga mayi. Kiangazi, matofali inakauka muzuri. Tumegeuza karibu yote.